Kwako Munalala Bantu Ngapi?

Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Shangazi Léocadie,

Nakusalimia kwa heshima, na natumaini mafua ya Noeli imekuacha. Kwetu tuko salama. Noella bibi yangu amerudi kufundisha, na mutoto wetu anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima haipate usingizi. Nakupigia simu, inaita tu bila mutu kujibu. Njo maana naandika.

Shangazi, niko na kazi nataka unisaidie. Umesikia zile nyumba watajenga Uvira, ku njia ya Luberizi, za watu waliobomolewa nyumba na mafuriko: majengo kumi na sita, kila moja etaje tano, moja juu ya ingine, apartema mia tatu na makumi mbili kwa jumla. Biro ninayofanyia kazi ndiyo inachora. Mimi wamenipa maji: tiyo, yaani mabomba, za kuingiza, tiyo za kutoa uchafu, pompe, tangi za juu, mashimo ya vyoo. Mukubwa wangu amesema nihesabu watu sita kwa kila apartema, nimalize. Lakini nimekulia hapo hapo Uvira, Nyamianda. Sijaona nyumba ya watu sita pale. Nikikosea chini, wa etaje ya tano watafungua robine na kusikia upepo. Nikikosea juu, pesa itakwisha mbele ya kujenga majengo yote.

Nakutumia fishi makumi sita, karatasi za kujaza. Pita kwa familia makumi sita, kwenu vilevile, kwa sababu weye pia ulipoteza jiko na choo mu maji na jina lako linaweza kuingia. Andika: jina ya mwenye nyumba, watu ngapi wanalala, bido ngapi za maji kwa siku, zile za litre makumi mbili. Ni kwa ajili ya tiyo tu, haina kazi ingine. Zikijaa, umupe Vainqueur, yule karani wa bato inayovuka ziwa mupaka Kalemie. Kutoka Kalemie zitanifikia kwa motokari.

Mutoto wako,
Osée


Nyamianda, tarehe 18 ya mwezi wa pili 2024

Baba yangu Osée, weye mwenye jina ya baba yangu mwenyewe,

Jambo, jambo tena! Habari ya nyumba? Na Noella? Na ule mutoto wa meno? Meno ikikataa kutoka, mumupe mukate mukavu aume, muache kumuimbia. Shiye huku tuko, tunapumua. Mafua yangu iliisha, ikahamia kwa jirani. Olive mwenye kuuza makala ya kupikia ameolewa mara ya tatu, na bwana ni mufupi mupaka siku ya ndoa tulifikiri njo ule wa kubeba pete. Kwaya nzima ilikosa wimbo juu ya kucheka. Ndagala ya ziwa iko bei, lakini minye nauza. Telefone yangu iko na binti yangu Eliane, iko tu naye, usisumbuke.

Sasa fishi zako. Nimejaza zote makumi sita! Bantu balilia juu fishi iliisha. Nilivaa nguo ya kanisa, nikabeba Bic ya bluu, na minye unajua masomo yangu ilikomea mwaka ya tatu, basi pale herufi imelala, uisimamishe mwenyewe.

Nilianza kwa Olive. Namuuliza:

— Olive, kwako munalala bantu ngapi?

— Weye Léocadie, ni musaada gani imefika?

— Haiko musaada. Ni mambo ya tiyo.

— Tiyo! Hata bale ba kisha mafuriko balisema banahesabu tu, wiki mbili bashi za kujengea tente na masufuria ikashuka. Andika kumi na tano.

— Kumi na tano, mu hii chumba?

— Weye ulilala hapa ukaona? Andika!

Nikaandika. Minye niko nani wa kumukatalia muntu batoto yake?

Kwa Havyarimana, ule wa kuziba bido zenye kutoboka, tulikuwa karibu tupigane. Anasema kumi na tisa. Anasema tena, hii robine yenu ikiingia kila nyumba, nani ataniletea bido? Na mama mukwe yake, mama Élisabeth, iko nyuma ya pazia, hawezi kusema na mukwe uso kwa uso, njo anasema kupitia minye: «Léocadie, umukumbushe huyo bwana asisahau ule ndugu yetu wa Luvungi.» Havyarimana naye ananiangalia minye: «Mwambie mama, nimeshamuweka.» Nikasimama katikati kama dirisha ya posta.

Kwangu niliandika kumi na moja. Minye, Lionel mutoto yangu, Eliane, Shalom mutoto ya Eliane, na bale bengine, unabajua.

Lakini baba, unielezee kintu moja, minye sielewe. Tiyo inajuaje bantu? Maji si inapita tu? Akiwa mumoja, bakiwa kumi, robine ni ile ile inafunguka. Na ile plan uliyonichorea nyuma ya barua, choo iko ndani, kando ya jiko, ukuta moja? Muntu anapika sombe na mwenzake iko pale? Nilimuonyesha Olive, akasema labda uliishika karatasi vibaya.

Shangazi yako anakupenda,
Léocadie


Lubumbashi, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Shangazi wangu,

Asante kwa salamu na kwa mukate. Meno mine imetoka. Noella amecheka habari ya Olive mupaka chai ikamupita puani.

Karatasi niliishika vizuri. Choo iko kando ya jiko ili tiyo za uchafu zishuke pamoja, ukuta moja, kutoka etaje ya tano mupaka chini. Na tiyo haijui watu, ni mimi ninayepaswa kuwajua mbele yake. Asubui saa kumi na mbili kila mutu anataka kuoga. Wakiwa wengi na tiyo nyembamba, wa chini wanakunywa yote, wa juu wanabaki na sabuni machoni.

Sasa nisikilize. Nimejumlisha fishi: watu mia nane makumi nne na mbili mu nyumba makumi sita. Ni kumi na nne kwa kila nyumba. Kwa hesabu hiyo, tangi zinakuwa mara mbili na zaidi, na mashimo ya vyoo yanakula kiwanja chote cha kuchezea watoto. Mukubwa wangu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Nikaangalia upande wa bido. Kwa Olive: watu kumi na tano, bido tatu kwa siku. Kwako: watu kumi na mmoja, bido mbili. Litre makumi nne! Watu kumi na mmoja wanapika, wanafua na kuoga na litre makumi nne?

Na Lionel alinipigia siku ya Mungu iliyopita. Iko Luvungi, anaendesha pikipiki, ameoa bibi. Anasema ni mwaka wa pili hajalala Nyamianda. Na Eliane je, iko wapi?

Shangazi, naomba kweli. Urudi kwa hizo nyumba, uhesabu tena, mbio.

Osée


Nyamianda, tarehe 28 ya mwezi wa ine 2024

Baba Osée, mwenye nyumba yangu,

Nakusalimia asubui hii mvua ikipiga mabati kama inadai kuingia. Barua yako ilikawia, bato ilizuiliwa siku nane, Vainqueur anasema ni moteri, bengine banasema ni Vainqueur. Ziwa inapanda tena. Imefika ku mulango ya kanisa ya chini, pasteri anahubiri na buti ya mpira. Olive amegombana na bwana mufupi, amemurudisha kwao, kisha akamufuata njiani akamubebea valizi ya nguo kurudi. Tulisimama wote inje kuangalia.

Na Noella hajanitumia picha ya mutoto. Minye nitamujua namna gani siku akikuja?

Umeniuliza mambo ya Lionel. Ndiyo, Lionel iko Luvungi. Lakini sahani yake iko hapa. Eliane alikwenda Bujumbura kwa wiki mbili, na Shalom mugongoni, na telefone yangu. Hizo wiki mbili bado haziishe. Sasa weye unataka nibafute na Bic?

Haiko bongo, hakuna aliyedanganya, baba. Bantu balihesabu muzuri kabisa. Balihesabu bale banalala, na bale batarudi, na kwa mama moja tuliweka mimba, na kwa vile koko yake, mama ya mama yake, alizaa mapasa, tukaweka mbili. Weye umeenda siku mingi, umesahau. Muntu akikuja na karatasi, haumwambie uko mumoja. Ule wa mumoja, kisha mafuriko, balimupa nusu kopo ya mafuta na balimwambia asogee, wenye familia bapite. Alisogea. Alibaki na kopo mukononi, na bantu banamuangalia.

Kurudi kuhesabu, hapana. Nitapita nikisema nini? Bazidishe tu ile tangi yenu. Maji hapa si ziwa nzima?

Minye shangazi yako,
Léocadie


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Shangazi,

Salamu nyingi. Mutoto anasimama akishika kiti. Picha iko ndani ya barua, ameikunja yeye mwenyewe, usinilaumu.

Nimekawia kuandika sababu nilikosa namna. Nilikwambia fishi ni kwa ajili ya tiyo tu. Niliamini hivyo. Lakini nilipokuandikia mwezi wa tatu, zilikuwa zimeshatoka mezani kwangu, na sikukwambia. Mukubwa alizipeleka kwa wale wenye kugawa nyumba, sababu zilikuwa na majina, na wao walikuwa wanatafuta majina. Nilifikiri watazirudisha.

Hawakuzirudisha, wamezifanya liste. Na wameweka sheria: apartema moja ni mutu moja mupaka nane. Familia inayopita nane, hapana, inavukwa, «nyumba haiwezi kuwabeba». Katika fishi makumi sita, makumi tano na tatu zimekatwa. Olive amekatwa. Havyarimana amekatwa. Weye umekatwa.

Nilisema ni kosa, wakaniuliza ni nani alihesabu, nikakataa kutaja jina, sababu ni shangazi yangu. Wamekubali kitu moja: fishi mpya, zisainiwe na shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wenu, zifike mbele ya mwisho wa mwezi wa tisa. Baada ya hapo majina yanafungwa na apartema zinaenda kwa wengine.

Nakutumia fishi zingine. Tafazali. Watu walale mu karatasi kama wanavyolala mu nyumba.

Osée


Nyamianda, tarehe 14 ya mwezi wa saba 2024

Osée,

Salamu nitaiweka mwisho, leo kichwa yangu inazunguka.

Mambo ya liste ilifika huku mbele ya barua yako. Siku ya soko nilipita na beseni ya ndagala, hakuna aliyeniitikia. Hata ule mwenye kudai nyongeza ya bure kila siku, alipita mbali! Nikajua. Olive akanisimamia katikati ya njia: «Weye na Bic yako ya bluu, mumetufukuza mu nyumba mbele hata haijajengwa.» Nikamwambia, Olive, minye nilikwambia ni tiyo. Anasema: «Ulisema na sauti ya musaada!» Baba, sauti ya musaada iko namna gani? Niliwaza usiku mzima, bado sijue. Labda niko nayo.

Basi nilirudi. Kila mulango. Nguo ya kanisa niliacha, nilivaa ya kazi. Kumbe kupunguza bantu ni ngumu kuliko kubaongeza! Olive alishuka kutoka kumi na tano mupaka nne. Alikaa chini, akavuta pumzi, alihuzunika kama ameletewa msiba ya bantu kumi na moja kwa mara moja. Bwana mufupi akamupepea na fishi. Mama ya mimba alizaa, haikuwa mapasa, akaniangalia kama ni minye nilimunyanganya mumoja.

Shefu wa avenyu amesaini makumi tano na nane. Vainqueur iko nazo. Hapo shukuru.

Mbili zimebaki, na njo hizo sielewe. Ya kwanza ni ya Havyarimana. Alisema kumi na tisa, tukatoa ule wa Luvungi, tukatoa bale ba kijijini, tukatoa na tukatoa, ikagoma ku kumi na tatu. Niliingia, nikahesabu mikeka na mikono yangu. Ni kumi na tatu ya kweli! Yeye, bibi yake, batoto yao sita, mama Élisabeth na bajukuu bane ba ule binti yake aliyekufa. Bote mu bashi moja na pazia moja.

Nikiandika ukweli, anavukwa. Nikiandika nane, anaingia na bantu tano mu mufuko, na weye tiyo yako inakauka. Na kuna ingine: plan yako iko na choo moja. Havyarimana hawezi kuingia choo yenye mama mukwe yake ametoka. Hawezi! Hapa mama Élisabeth anakwenda kwa jirani, kwa majani, fasi yoyote. Kule etaje ya tano ataenda wapi? Nilimuuliza Havyarimana, akasema: «Afazali bido zangu na tente yangu.» Akaendelea kuyeyusha plastiki, lakini mukono yake ilikuwa inachoma fasi haikutoboka.

Niandike nini? Uniambie, weye mwenye masomo.

Jambo kwa Noella. Ule mutoto wa picha anafanana na baba yangu akikasirika.

Léocadie


Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Shangazi mupendwa,

Sote wazima. Mutoto ametembea hatua tatu akakaa.

Fishi makumi tano na nane zimefika na zimepokelewa. Asante. Na nimepata kitu: mukubwa amekubali tangi na tiyo zihesabiwe kwa watu nane, si sita. Alitazama fishi zako mpya na bido zake, akasema hizi zinasimama.

Kwa Havyarimana nimeomba apartema mbili, wamekataa. Nimeomba choo ya pili mu apartema za chini, pale maji inasukuma vizuri. Wamesema plan imefungwa. Usiandike nane kama ni kumi na tatu. Zikiwa familia kumi za hivyo, uchafu utarudi juu kwa mutu wa chini, na huyo wa chini hajakosa kitu. Lakini sijui niseme uandike nini. Nimechora ile kona ya choo mara saba, kila mara mama mukwe anabaki inje.

Ulisema fishi mbili zimebaki. Umenielezea moja tu. Ya pili ni yako, shangazi, najua. Andika.

Osée


Nyamianda, tarehe 1 ya mwezi wa tisa 2024

Osée baba yangu,

Uamuke na jambo yangu, weye, Noella na ule wa hatua tatu, leo zitakuwa zimefika kumi. Ndagala imeshuka bei. Olive ananisalimia tena, na ameniomba ile Bic, hajaniambia ya nini.

Fishi mbili ziko ndani ya hii barua. Shefu wa avenyu amesaini. Uzisome polepole.

Ya Havyarimana: bantu nane.

Usiruke! Haiko bongo. Nilikaa na barua yako siku tatu. Siku ya ine nikaenda kwake, nikasimama pale katikati, fasi yangu ya siku zote, nikasema na pazia: «Mama Élisabeth, kwangu kuko vyumba mbili, na choo niliyochimba upya kisha mafuriko, mukwe haiingie mule. Ukuje na bajukuu.» Pazia ikasogea kidogo. Kisha ikasema: «Muulize huyo bwana kama ananifukuza.» Havyarimana akaweka chini kile chuma ya moto, ananiangalia minye, macho imejaa: «Mwambie mama, hapana hata kidogo.» Nikasikia mikeka inakunjwa. Kisha ikasema: «Basi mwambie mikeka ile mibaya ni yake, mizuri nabeba.»

Balikuja na mikeka mizuri tano, na sufuria moja, na jogoo mwenye hasira.

Sasa fishi yangu. Mwezi wa pili nilikuandikia kumi na moja. Tulikuwa mumoja, baba, minye tu. Zile bido mbili, moja nilikuwa namwaga jioni mbele ya mulango, bantu baone iko maji mingi inatumika. Nimekwambia, usinijibu juu ya hiyo.

Leo nimeandika sita. Shefu alikuja mwenyewe asubui kuhesabu vichwa. Mara ya kwanza akapata saba, mara ya pili tano, juu bale batoto hawatulie. Mara ya tatu mama Élisabeth alibakalisha chini ku mustari, akabapiga kofi ya hewa, ikatoka sita. Bido zimepanda mupaka saba kwa siku, nimeziweka zote, hakuna niliyomwaga. Mukinipa apartema, muniweke chini, mama Élisabeth anasema kupanda ngazi ni kazi ya mbuzi. Ile choo ya kando ya jiko amesikia habari yake, anasema atakuandikia yeye mwenyewe, na weye ujipange.

Lionel akikupigia, umwambie atakuta fasi yake imelaliwa, lakini sahani ataikuta, tutakunja miguu.

Naacha kuandika, bananiita. Sufuria inamwagika ku moto, na kila mumoja anasema haiko yeye aliyeiweka.

Shangazi yako,
Léocadie